Hofu Iliyo Mimbarani: Maoni Kuhusu Filamu ya Red State

Watazamaji wengi wa filamu ya Red State wana lalama moja. Wanasema kwamba filamu inaanza kwa kasi, wavulana watatu wananaswa, taharuki inapanda, kisha ghafla mambo yote yanasimama ili mzee mmoja ahubiri. Anahubiri, anahubiri, na bado anahubiri. Hakuna anayekimbizwa, hakuna mlango unaobishwa usiku wa manane, hakuna lolote katika yale tuliyoyazoea katika filamu za kuogofya. Makala haya yanashikilia rai iliyo kinyume. Mahubiri yale ndiyo filamu yenyewe. Yaliyosalia, pamoja na milio yake yote ya bunduki, ni matokeo tu. Aidha, sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha tuna sababu kubwa zaidi ya kuyasikiliza kuliko mtazamaji mwingine yeyote.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajaitazama, filamu hii iliandikwa na kuongozwa na Kevin Smith, Mmarekani aliyejipatia jina kwa filamu za ucheshi tangu alipotoa Clerks mwaka 1994. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2011 katika tamasha la Sundance, jimboni Utah. Baadaye mwaka uo huo ilituzwa kuwa filamu bora katika tamasha la Sitges nchini Uhispania, naye Michael Parks, aliyeigiza mhubiri, akatuzwa kuwa mwigizaji bora. Kisa chenyewe si kirefu. Vijana watatu wa shule ya upili, Jarod, Travis na Billy-Ray, wanaalikwa kupitia intaneti na mwanamke aliyewazidi sana umri. Wanamwendea kwa tamaa ya ujana. Anawapa bia iliyotiwa dawa, wanalala, na Jarod anapozinduka anajikuta ndani ya kizimba kilichofunikwa kitambaa, kanisani. Mwanamke yule, Sara, ni binti ya Abin Cooper, mchungaji wa kanisa la Five Points Trinity. Waumini wa kanisa hilo takriban wote ni wa ukoo mmoja: watoto wa Cooper, wakwe zake na wajukuu zake.

Hapo ndipo mahubiri yanapoanza, na hapo ndipo ninapoomba tutue.

Cooper hapigi kelele. Mwandishi asiye na kipawa angempa sauti ya ngurumo, mishipa ya shingo iliyomtoka na povu kinywani. Parks anamwigiza babu. Anaingia akitabasamu, anaimba kwa sauti ya upole, anawatania wajukuu, nao wanamtazama kwa mapenzi yasiyo na shaka. Anasimulia, anatulia, anarudi nyuma, anauliza maswali ya balagha na waumini wanayajibu. Ukiyafunga macho na kusikiliza lahani pekee bila maneno, ungedhani uko katika ibada ya Jumapili ya kanisa lolote dogo la kijijini. Anakiri kwamba anamwogopa Mungu, na sioni sababu ya kutomwamini. Ukweli huo wa moyo wake ndio unaotisha. Laiti angekuwa laghai, tungejua la kumfanya. Laghai hufichuliwa na mambo yakaisha.

Pembeni mwa mimbari kuna msalaba, na msalabani kuna mtu aliyefungwa na kuviringishwa nailoni mwili mzima, mdomo wake umezibwa. Wengine wote katika ukumbi ule wana ndimi: mhubiri anasema, waumini wanaitikia, watoto wanacheka. Yule peke yake hana. Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili angeweza kusema kwamba mtu yule amekwisha kuhamishwa kutoka ngeli ya A-WA na kutiwa katika ngeli ya KI-VI kabla risasi haijalia. Ameandaliwa kwa maneno kwanza. Inapofika zamu ya kumuua, watoto wanatolewa nje, kana kwamba wazazi wale wangali wanajua kwamba kuna jambo lisilofaa kuonwa na mtoto. Lakini mahubiri yaliyotangulia hawakuzuiwa kuyasikia. Sidhani nimeona katika filamu nyingine jambo dogo namna hiyo likibeba mzigo mkubwa kiasi hicho. Jamaa ile inajua kwamba mauaji ni ya watu wazima. Maneno, katika fikra zao, hayana umri.

Cooper anahubiri dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Hapa yafaa tuwe wakweli. Wengi wa wasomaji wa jarida hili, kwa imani zao za Kikristo au za Kiislamu, wana msimamo wao kuhusu suala hilo, na filamu haiwaombi waubadilishe. Inachowaonyesha ni ngazi. Daraja ya kwanza ya ngazi ile ni jambo ambalo msikilizaji amekwisha kulikubali kabla hajaingia kanisani: kwamba kuna dhambi na kuna haki. Daraja ya pili ni kwamba ulimwengu umeharibika, na nani atakayelipinga hilo? Ya tatu ni kwamba sisi tuliomo humu ni wachache tuliosalia. Ya nne, kwamba walio nje wanatuwinda. Kila daraja iko karibu mno na ile iliyoitangulia, hata mguu hausiti. Ukimuuliza muumini akiwa juu kabisa, mkononi ana bunduki, ni wapi alipoacha dini ya wazazi wake, hataweza kukuonyesha mahali. Ndiyo maana mahubiri yale hayana budi kuwa marefu. Mwongozaji angeyafupisha, angetuonyesha sakafu na dari na kuificha ngazi.

Nina malalamiko yangu pia dhidi ya filamu hii, na kubwa zaidi ni namna ilivyochanganya visa viwili vya kweli. Cha kwanza ni cha kanisa la Westboro la mjini Topeka, Kansas, lililoanzishwa mwaka 1955 na Fred Phelps, aliyefariki mwaka 2014. Waumini wake, wengi wao wakiwa wa ukoo wake, walijulikana kwa kusimama karibu na mazishi ya watu wakiwa na mabango ya matusi. Machi 2011, miezi michache tu baada ya filamu kuonyeshwa Sundance, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba mabango yale yaliyobebwa karibu na mazishi ya mwanajeshi aliyefia Iraq yalilindwa na uhuru wa kusema. Waumini hao walifika hata Sundance kuipinga filamu, na Smith na wafuasi wake wakawajibu kwa mabango ya dhihaka. Cha pili ni kisa cha Waco, Texas, mwaka 1993. Maafisa wa shirika la serikali kuu linalosimamia pombe, tumbaku na silaha walivamia makao ya wafuasi wa David Koresh tarehe 28 Februari. Wanne kati ya maafisa hao wakauawa. Makao yale yakazingirwa kwa siku 51 hadi moto ulipoyateketeza tarehe 19 Aprili na kuua watu zaidi ya 70, wakiwemo watoto zaidi ya 20.

Smith alichukua ulimi wa Topeka akautia mikononi mwa bunduki za Waco. Kama kazi ya ubunifu, ana haki. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Westboro, pamoja na machukizo yake yote, walitukana na kushtaki mahakamani. Hawakuteka mtu wala kuua. Filamu yenyewe inalijua hilo, kwa kuwa wahusika wanamtaja Phelps ili kumtofautisha na Cooper. Hata hivyo, mtazamaji asiye makini ataondoka akiamini kwamba kila atukanaye mazishini ana ghala la silaha nyumbani. Kati ya neno na tendo kuna pengo. Pengo hilo ndilo lililostahili kuchunguzwa, na katika nusu ya pili filamu inaliruka.

Nusu hiyo ya pili inamleta Joseph Keenan, afisa wa shirika lile lile la silaha, aliyeigizwa na John Goodman. Uvamizi unaenda kombo mapema. Travis anatoroka, naye mkuu wa polisi wa eneo lile anamuua akidhani ni mmoja wa jamaa ya Cooper. Kisha amri inatoka juu: asisalie shahidi. Keenan anasitasita, anaikubali. Afisa wa chini yake, Harry, anaghadhibika kwa amri ile, anaipinga kwa nguvu. Lakini dakika chache baadaye, Jarod na Cheyenne, mjukuu wa Cooper anayetaka kuwaokoa watoto, wanapojitokeza, ni Harry huyo huyo anayewaua wote wawili. Hapa Smith anastahili sifa. Bila hotuba yoyote anaonyesha kwamba utiifu si mali ya kanisa peke yake. Harry hakuhubiriwa. Aliambiwa tu kwamba amri imetoka, akapanda ngazi yake mwenyewe kwa kasi kuliko waumini. Ila ni sifa ya kupita: risasi ni nyingi mno katika sehemu hii, na anayetafuta msisimko atakosa muda wa kulitambua hilo.

Cheyenne ndiye mhusika ambaye ningependa mwandishi angemjali zaidi. Ni yeye tu, katika jamaa yote, anayesikia maneno ya babu yake na pia kilio cha watoto. Haikani imani. Hasemi kwamba babu amepotoka. Anasema tu kwamba watoto watoke. Hiyo ni hoja ya kidini kwa kiwango chochote utakachoipima, tena imetoka ndani ya nyumba yenyewe, na hakuna anayeijibu, si mama yake wala si serikali. Kasoro kuu ya Red State, kwa maoni yangu, ni kwamba haina muumini mwingine yeyote wa kawaida. Hakuna mchungaji wa mtaa wa pili anayesoma Biblia ile ile na kufikia mwisho tofauti. Matokeo yake ni kwamba dini katika filamu hii ina msemaji mmoja tu, naye ni muuaji. Watu wa dini wanaoiona filamu hii kuwa tusi dhidi yao wana hoja.

Tuje kwenye parapanda. Vita vikiwa vimepamba moto, sauti kubwa ya parapanda inasikika angani. Jamaa ya Cooper wanaziweka silaha chini na kutoka nje kwa furaha, wakiamini kwamba siku ya mwisho imewadia. Parapanda kwa Mkristo, baragumu kwa Mwislamu. Hapana haja ya kumfafanulia msomaji wa pwani au wa bara maana ya sauti ile. Baadaye tunaelezwa kwamba sauti ilitoka kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakilima bangi karibu na pale, ambao walikuwa wamechoshwa na ujirani wa kanisa lile. Smith amewahi kueleza kwamba katika wazo lake la awali parapanda ilikuwa ya kweli, na kiama kilikuwa kiama. Ni heri ilivyobadilika. Kilichoshindikana kwa bunduki kiliwezekana kwa ishara, na ishara yenyewe ilikuwa ya uongo! Kinaya hicho kinatuambia jambo kuhusu waumini wale ambalo mahubiri peke yake hayakuweza kulisema: walikuwa wamefundishwa kusubiri, si kupima. Sauti yoyote iliyolingana na matarajio yao ingetosha. Cooper alizijenga nyumba za masikio yao kwa miaka mingi, kisha akaja mkulima wa bangi akaingia kwa mlango uo huo.

Msomaji atauliza: haya yote ya Marekani yanatuhusu nini katika jarida la Kiswahili? Yanatuhusu kwa sababu ya Shakahola.

Aprili 2023 nchi hii ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Hadi shughuli hiyo ilipositishwa, zaidi ya miili 400 ilikuwa imetolewa. Paul Mackenzie, dereva wa teksi wa zamani aliyeanzisha kanisa la Good News International mjini Malindi mwaka 2003, alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake mwaka 2024 kwa mashtaka yakiwemo ya ugaidi, ya kuua bila kukusudia na ya mauaji. Waliyakana, na si kazi ya makala haya kuwahukumu. Njaa ndiyo iliyotajwa kuua wengi, ingawa uchunguzi wa maiti ulionyesha pia dalili za kunyongwa na kupigwa kwa baadhi yao. Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba maneno pekee yaliua. Ila watu walifika msituni kwa miguu yao, na kilichowafikisha ni mahubiri, na mahubiri yale yalikuwa ya Kiswahili. Yalirushwa kwenye televisheni na intaneti, yakasikika na yeyote aliyetaka, miaka kadhaa kabla ya kaburi la kwanza kufukuliwa. Yalipinga elimu ya shule, yalipinga matibabu ya hospitali, na mwaka 2019, wakati Wakenya wengi tu walipokuwa na wasiwasi kuhusu Huduma Namba, yaliihusisha namba hiyo na ile ya mnyama wa Ufunuo. Ngazi ni ile ile. Daraja ya kwanza iliwekwa pale ambapo hofu ya watu wa kawaida ilikuwa imekwisha kufika.

Serikali ilifanya yaliyo katika uwezo wa serikali. Jopokazi lililoundwa na Rais William Ruto mwaka 2023 chini ya uenyekiti wa Mutava Musyimi lilishughulikia sheria na usimamizi wa mashirika ya kidini. Wanasheria wakasema yao, wanasaikolojia yao, maaskofu na masheikh yao. Sisi wa idara za Kiswahili tulisema nini? Tuna istilahi za kutosha. Tunajua balagha, tunajua takriri na tashihisi, tunajua uhusiano wa fanani na hadhira, tunajua jinsi kiitikio kinavyomfanya msikilizaji awe mmiliki wa maneno ambayo hakuyatunga. Maarifa hayo tunayatumia kuchambua ngano na nyimbo za jando, na ni vyema. Ilhali utanzu wa sanaa ya mdomo unaosikiwa na Wakenya wengi kila wiki, kwenye matatu, sokoni, redioni, uwanjani penye mhubiri na mkalimani wake wakipokezana sentensi kwa mdundo ambao malenga angeuonea wivu, tunaupita kama kwamba si fasihi simulizi.

Najua pingamizi litakalokuja. Litasemwa kwamba kuyachambua mahubiri ni kuishambulia imani, na kwamba mhadhiri wa Kiswahili hana mamlaka ya kumhukumu mtumishi wa Mungu. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Lakini vyuo vya theolojia vyenyewe vina somo zima la namna ya kuhubiri, na wanaolifundisha hawaoni kwamba wanamkosea Mungu wanapopima utangulizi, mifano na hitimisho la mhubiri. Nasi hatuhitaji kuamua ni fundisho lipi lililo sahihi. Tunahitaji kuuliza maswali ya kawaida ya darasa letu: nafsi ya «sisi» inaanza kuwatenga nani, na katika sentensi ya ngapi? Ni lini swali la balagha linaacha kuwa swali? Ni nani katika masimulizi haya asiye na ulimi? Kitenzi cha amri kinaingia lini, na kabla yake kulikuwa na nini? Maswali kama hayo, yakiulizwa juu ya mahubiri kumi ya wahubiri kumi tofauti, tisa yatatoka salama, na hata kupendeza. Lile la kumi litajionyesha.

Mwishoni mwa Red State, Cooper yuko gerezani. Hajafa, hajajuta. Anaimba na kuhubiri ndani ya seli yake kwa sauti ile ile ya babu, hadi mfungwa mmoja ambaye hatumwoni anapomfokea anyamaze. Filamu inakatikia hapo, na ninaambiwa kwamba kumbi nyingi zilicheka. Mimi ningependa filamu iendelee kwa dakika moja zaidi, nijue kama alinyamaza.